Nyumba ya mawe ya bibi yetu Mkomani, Lamu: tuiuze, tuikodishe au tuitengeneze paa kwanza?

Mjukuu wa Mkomani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limeigawa familia yetu tangu Ramadhani, na ambalo kila tukikaa kulizungumza huishia kwa mtu mmoja kuondoka kabla chai haijamiminwa.

Bibi yangu mzaa mama aliacha nyumba ya mawe katika mtaa wa Mkomani, nyuma kidogo ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Ni nyumba ya zamani ya Lamu kama wengi mnavyozijua: daka (ukumbi wa mlangoni) lenye mabaraza mawili ya mawe, kiwanda (ua wa ndani) kidogo, misana (kumbi ndefu) miwili inayofuatana, ndani (chumba cha ndani kabisa) yenye zidaka (vishubaka vya ukutani) ukuta mzima, na juu kabisa kidari cha meko (jiko la juu ya nyumba). Bibi alifariki miaka minane iliyopita, mumewe akiwa ametangulia zamani. Aliacha watoto wanne, wawili wanaume na wawili wanawake, mmoja wao akiwa mama yangu. Miaka mitatu baadaye mjomba wangu mkubwa naye alifariki, akaacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mjomba aliyebaki anaishi Mokowe, mama na mimi tuko Mombasa, na khala yangu yuko palepale Lamu lakini amepanga Langoni, kwa sababu nyumba inavuja na boriti mbili za msana wa juu zimeanza kulegea.

Sasa amejitokeza Mzungu mmoja ambaye huja Lamu kila Desemba. Kupitia dalali ametoa shilingi milioni 12, na ameonekana kukipenda zaidi chumba kidogo kilichojengwa juu ya kichochoro, yaani wikio, ambacho bibi alikuwa akiswalia na kusoma uradi wake. Mjomba anataka tuuze mara moja. Mama hataki hata kusikia bei ikitajwa. Khala anasema kwamba nyumba isiyo na mtu ni kaburi lililo wazi, basi liwalo na liwe. Mimi ningependa tuikodishe kwa miaka mingi kwa mtu atakayeikarabati, kisha iturudie.

Kuhusu hati, tunazo karatasi mbili ndani ya sanduku la bibi. Moja imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na hakuna miongoni mwetu awezaye kuisoma yote, na ya pili ni ya Kiingereza, ya enzi za ukoloni, yenye jina la baba yake bibi. Je, mgeni anaruhusiwa kumiliki nyumba Lamu? Je, bei hiyo ni ya haki? Na ikiwa tutakubaliana kuuza, tuanzie wapi?

Karani Mstaafu, Mombasa

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nilifanya kazi katika ofisi ya mawakili kwa miaka mingi, na faili nyingi za nyumba za Pwani zilipita mikononi mwangu, kwa hivyo utaniwia radhi nikianza na swali ambalo hukuliuliza. Umeuliza bei kabla ya kuuliza nyumba ni ya nani, na hapo ndipo familia nyingi zinapokwama, kwa kuwa mnunuzi akishatoa arubuni, kila jina lililosahauliwa hujitokeza likiwa na wakili wake.

Karatasi yenu ya Kiingereza ina jina la baba yake bibi, si la bibi. Inaelekea ni hati iliyotokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ambayo iliwataka watu wa Pwani wapeleke madai yao ya ardhi ili yaandikwe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wazee waliopeleka madai yao kwa wakati waliwafanyia wajukuu wao wema mkubwa, na ambao hawakupeleka ndio chanzo cha sehemu kubwa ya malalamiko ya maskwota tunayoyasikia hadi leo katika kaunti zetu za Pwani. Ninyi mnayo karatasi, alhamdulillah, lakini lazima ijulikane nyumba ilitokaje kwa baba na kuja kwa binti. Ikiwa bibi aliirithi, basi huenda ndugu zake nao walikuwa na mafungu, na watoto wa hao ndugu wapo mahali fulani. Ikiwa alipewa hiba, yaani zawadi, na baba yake alipoolewa, kama ilivyokuwa desturi ya Lamu kumjengea au kumpa binti nyumba ili mume ahamie kwake, basi ni yake peke yake. Waraka wenu wa Kiarabu huenda ndio jawabu la jambo hilo. Mtafuteni maalim anayezisoma hati za zamani, awasomee neno kwa neno, na msikubali muhtasari.

Tuchukulie kwamba nyumba ilikuwa yake yote. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu, kila mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, kwa hiyo nyumba inagawanyika mafungu sita: mawili kwa kila mwana na moja kwa kila binti. Lakini mjomba wako mkubwa alifariki baada ya mama yake, kwa hivyo mafungu yake mawili nayo yanarithiwa. Mjane wake anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki wanagawana watoto wake. Ukitaka hesabu itoke bila ya vipande, igawe nyumba katika mafungu 96. Mjomba wa Mokowe anapata 32, mama yako 16, khala yako 16, mjane 4, kijana wa marehemu 14, na kila mmoja wa dada zake 7. Kwa bei ya milioni 12, kila fungu ni shilingi 125,000, maana yake mjane atatoka na 500,000 na kila binti wa marehemu na 875,000. Kadhi ndiye atakayeithibitisha hesabu hii, lakini nimeiweka hapa ili muone kwamba mjomba anayesukuma uuzaji ana theluthi moja tu ya nyumba.

Utaona pia kwamba jina lako halimo. Mama yako yu hai, na fungu ni lake. Nasema hivi kwa upole, kwa sababu nimeona wajukuu wengi wakigombana juu ya mali ambayo bado si yao, na wazazi wao wakanyamaza kwa aibu.

Kuhusu mgeni, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 65, inasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, na muda usizidi miaka 99. Hata mkimuandikia kwamba ni yake milele, sheria itahesabu kwamba amepewa miaka 99. Kifungu hichohicho kinasema kuwa kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia, kwa hivyo dalali akiwaambia kwamba mteja wake ana kampuni yenye Mkenya mmoja ndani yake na kwamba jambo limekwisha, mwambieni arudi akasome.

Fundi wa Chokaa, Lamu

Karani amesema kweli kuhusu karatasi, nami nitasema kuhusu kuta, kwa kuwa ndizo kazi yangu na ya baba yangu kabla yangu.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengi ya mawe yakichongwa upande wa pili wa mlango wa bahari, Manda Maweni, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba vyetu haukuamuliwa na mtu yeyote, uliamuliwa na urefu wa boriti, na ndiyo sababu msana ni mrefu na mwembamba. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha hushindiliwa chokaa na kokoto mpaka sakafu ikawa nzito na baridi. Uzito huo ndio unaoilinda nyumba na jua, na ndio utakaoiangusha siku boriti ikioza. Nayo boriti haiozi katikati pale mnapoiona. Huoza kichwani, ndani ya ukuta, mahali maji ya paa yanapoteremkia. Kwa hivyo unaposema boriti mbili zimelegea, mimi ninasikia sita.

Jambo moja nalikataza kwa nguvu. Msimruhusu mtu, awe mgeni au ndugu, aje kuziba nyufa kwa saruji. Ukuta wa matumbawe una chumvi na unavuta unyevu, na chokaa huuacha ukatoka polepole. Saruji huufungia ndani, na baada ya masika mawili matatu utaona lipu imefura na kuanguka vipande, imebeba na nakshi za zidaka ambazo hakuna fedha itakayozirudisha kama zilivyokuwa. Nimeitwa katika nyumba nyingi kuja kuondoa saruji iliyowekwa na jamaa mwenye nia njema, na kazi ya kuiondoa ni kubwa kuliko ile ya kuzuia kuvuja tangu mwanzo.

Kumbukeni pia kwamba mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na uko chini ya uangalizi wa Makavazi ya Taifa ya Kenya. Mtu haongezi ghorofa wala habadilishi mlango wa nje bila ya kuwaona. Wapo wanaolalamika, na mimi nimo nikiwa na haraka, lakini bila ya hilo tungekuwa na vioo na vigae vya kung'aa kila kichochoro.

Nina swali dogo kwa ndugu mwenye nyumba. Hilo wikio analolipenda mnunuzi, limefunguka upande gani? Je, linaegemea ukuta wenu pekee, au linaegemea na ukuta wa jirani wa ng'ambo ya kichochoro? Wikio halikujengwa na mtu mmoja bila ya ruhusa ya mwengine, na mara nyingine mlango wake ulihamishwa upande baada ya makubaliano ambayo waliyoyafanya wote wamekwisha kufa.

Dalali wa Mokowe

Ninaheshimu maneno ya waliotangulia, lakini nadhani mnamtisha kijana huyu bila ya sababu. Milioni 12 kwa nyumba inayovuja si bei ya kudharauliwa, na hakuna bei ya serikali iliyotundikwa ukutani kwa nyumba za mawe. Bei ni ile ambayo mnunuzi yuko tayari kuitoa leo. Bandari mpya imefunguliwa, Lamu si ile ya zamani, na mwenye kungoja anaweza kupata zaidi, au anaweza kuamka na nyumba imeanguka na kubaki na kiwanja kisichoweza kufikiwa isipokuwa kwa punda. Mimi nasema uzeni mkiwa mna cha kuuza.

Karani Mstaafu, Mombasa

Ndugu dalali, sentensi yako ya mwisho ina ukweli, ile ya bandari haina. Bandari iko upande wa bara, Kililana. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na magati matatu yamejengwa katika mpango unaotaja 32. Waliokimbilia ardhi kwa sababu yake walinunua viwanja vya Mokowe, Hindi na kandokando ya barabara, na hawakuja kutafuta misana ya Mkomani. Na hata huko bara biashara ilikuwa ya hatari: mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 katika kaunti ya Lamu.

Soko la nyumba za mawe linafuata watalii, na watalii wana hofu ya haraka. Mwaka 2011 wageni walipotekwa Kiwayu na Manda, mahoteli yalifungwa. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Kisha ikaja korona. Aliyenunua katika miezi hiyo alinunua kwa bei ya hofu, na aliyeuza hakuwa na la kufanya. Kwa hivyo swali la kama milioni 12 ni haki lijibiwe na mthamini aliyesajiliwa, ambaye mtamlipa ninyi, asiwe wa mnunuzi wala wa dalali.

Na mkumbuke makato. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani. Muuzaji hulipa kodi ya faida inayotokana na mauzo ya mali, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida badala ya 5 ya zamani. Ongezeni wakili, ongezeni dalali mwenyewe, kisha mpigie tena hesabu yale mafungu 96.

Bint Shela

Nimesita kuandika kwa kuwa jambo letu bado lina kidonda, lakini pengine litamfaa huyu ndugu.

Baba yangu aliiuza nyumba yetu ya Shela katika miaka ya tisini, nikiwa msichana mdogo. Sitamlaumu. Nusu ya paa ilikuwa imekwisha kuanguka, na kwa fedha ile alijenga nyumba ya matofali na mabati Langoni, akanunua mashua na mashine yake, akatusomesha sote watano. Wanaosema kwamba wazee wetu waliuza urithi kwa ajili ya anasa hawakuwahi kulala chini ya paa linalodondoka wakati wa masika. Na nyumba ile ingali imesimama kwa sababu aliyeinunua alikuwa na uwezo wa kuisimamisha. Jirani yetu aliyekataa kuuza aliacha gofu, na sasa limeota mtini ndani.

Lakini nitawaeleza kilichonipata. Mimi ni mpambaji, ninapaka hina na piko. Mwaka mmoja niliitwa kuwapaka wageni waliokuwa wamefikia katika nyumba hiyohiyo. Ndugu yangu ndiye mlinzi wa pale, akanifungulia mlango wa nyuma, kwa kuwa wa mbele ulikuwa wa wageni. Nikaketi katika msana ambao mama alikuwa akitandika jamvi lake, na mgeni mmoja, mtu mpole sana, akanionyesha zidaka na kunieleza kwa subira kwamba Waswahili walizijenga ili kuweka vyombo vya kaure. Nilisema ahsante. Nilimpaka maua ya mkono mzima, na nikalipwa vizuri.

Hilo ni la moyo. La mtaa ni jengine. Ukihesabu milango ya kichochoro kile, mingi hufungwa kuanzia Machi au Aprili mpaka Novemba. Duka la mkate na mafuta ya taa lilikwisha kwa sababu nyumba iliyofungwa hainunui chochote. Katika msikiti wa jirani, swala ya alfajiri ya mwezi wa Juni haijazi safu. Maji nayo ni hadithi: kisiwa kizima kinategemea maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kila anayejenga bwawa la kuogelea anachota katika tungi moja na yule anayepika wali. Kwa hivyo mnapokaa kupima bei, wapimeni na watakaokuwa majirani wa nyumba hiyo baada yenu, kwa kuwa khala yako ataendelea kupita mlangoni pale kila siku.

Juu ya kukodisha, sisi tungelijua hilo, pengine baba angelichagua. Ninawajua watu wa Mkomani waliompa mgeni nyumba kwa miaka kadhaa, akaikarabati kwa fedha zake, na muda ulipokwisha wakairudia ikiwa nzima. Ninawajua pia wengine ambao mkataba wao uliandikwa katika karatasi moja ya daftari, bila ya kusema nani anatengeneza paa mwaka wa kumi. Nyumba ikarudi ikiwa imechoka kuliko ilivyotoka, na mgeni akadai alipwe gharama zake.

Mzee wa Malindi, Unguja

Hapa kwetu Unguja mambo yalikwenda njia nyengine, na huenda mkaona faida ya kulinganisha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na ardhi yote ya Zanzibar ikawa mali ya umma. Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya mwaka 1992 inampa Mzanzibari haki ya matumizi tu. Wageni hukodi, kama kwenu. Nyumba nyingine ni za wakfu, na hizo hazigawiwi wala haziuzwi kama mali ya mtu.

Msije mkadhani kwamba kutoiweka nyumba sokoni kunatosha kuihifadhi. Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la Sultani, ilikuwa mali ya serikali, ndani ya mji ulio katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ilikuwa ikikarabatiwa, na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Nyumba ya mawe huomba chokaa kila mwaka, hata iwe ya Sultani.

Ikiwa warithi wote wataridhia, mnaweza kuiweka wakfu ya kizazi, ikodishwe na pato lake ligawiwe. Lakini neno kubwa hapo ni "wote". Mjane mwenye mafungu manne kati ya 96 ana haki ya kusema hapana, na pengine ndiye anayehitaji fedha kuliko ninyi nyote.

Mjukuu wa Mkomani

Nawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kuchelewa. Nilikwenda Lamu wiki mbili zilizopita pamoja na mama, na nimerudi na habari ambazo sikuzitarajia.

Tulimpelekea maalim mmoja ule waraka wa Kiarabu. Aliuweka karibu na dirisha akausoma mara tatu kabla ya kusema neno. Ni hati ya hiba. Baba yake bibi alimpa nyumba siku ya ndoa yake mbele ya mashahidi wawili, na waraka unataja mipaka ya pande zote nne, kuanzia upande wa kibla, kisha unataja vyumba kimojakimoja: daka, kiwanda, misana miwili, ndani, choo chenye birika, na kidari cha meko. Mama alilia aliposikia birika likitajwa, kwa kuwa alikuwa akiwalisha samaki wadogo waliowekwa humo wale mayai ya mbu. Kwa hivyo, Karani, nyumba ilikuwa yake peke yake na hesabu yako ya mafungu 96 inasimama. Kadhi ameanza kulishughulikia faili, na mimi nimekubali kwamba jina langu halimo. Ninabeba karatasi tu.

Fundi, swali lako ndilo lililovunja biashara. Wikio halimo katika waraka. Tulimwendea Bi mkubwa wa nyumba ya ng'ambo, ambaye sasa haoni vizuri lakini kumbukumbu yake ni nzima, na akatuambia bila ya kusita kwamba chumba kile ni chao, kilijengwa na babu yake. Bibi yetu alipojifungua mtoto wa kwanza alikuwa hana mahali pa utulivu pa kuswalia, basi wakamfungulia mlango upande wetu na kuuziba wa kwao, wakamwambia akitumie muda wote atakaokuwa hai. Hapakuandikwa chochote. Tulipapasa ukuta wa upande wake na tukauona mlango wa zamani, chini ya lipu, kizingiti chake kikiwa bado mahali pake.

Mjomba alimwambia dalali, na dalali akamwambia mteja. Mteja ameteremsha bei hadi milioni 9 bila ya wikio, na mjomba amekasirika, lakini si kwetu. Mjane wa marehemu mjomba ndiye aliyetushangaza. Alisema kwamba yeye hahitaji nyumba iuzwe, anahitaji ada ya shule ya kijana wake ya mihula miwili, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza tangu mazishi. Mama na khala wamekubali kumtolea fedha hizo sasa, na zitaandikwa mbele ya Kadhi ili zijulikane ni mkopo juu ya mafungu ya kijana au ni sadaka.

Kuhusu kuuza au kukodisha hatujakubaliana, na sidhani tutakubaliana mwaka huu. Tuliloafikiana ni kwamba masika yasiikute nyumba hivi ilivyo. Mjomba, ajabu ni yeye, ndiye aliyejitolea kulipia boriti. Fundi, ulisema ukisikia mbili unahesabu sita. Tulipoondoa lipu kwenye vichwa vya boriti za msana wa juu tulihesabu nane zilizooza, na mojawapo ndiyo inayobeba ukingo wa wikio la jirani. Je, tunaweza kuibadilisha hiyo bila ya kuufungua ukuta wake, au nirudi kwa Bi mkubwa kuomba ruhusa kabla ya kugusa kitu?

Fundi wa Chokaa, Lamu

Rudi kwa Bi mkubwa. Nami nitakuja nawe, baada ya swala ya alasiri siku ya Jumamosi, nikiwa na kamba ya kupimia na magogo ya kutegemezea. Mwambie mjomba asinunue boriti mpaka nizione mwenyewe, kwa kuwa zinazouzwa siku hizi nyingi ni mazio, yaani miti ya mikoko iliyo myembamba zaidi, yaliyopewa jina la boriti.